Jinsi ya kukagua kompyuta iliyotumika mjini Lubumbashi kwa kufuata kesi za mahakamani

Hapa Lubumbashi watu wengi husoma habari za kampuni kubwa za teknolojia zinazoshtakiwa Marekani au Ulaya kama wanavyotazama mpira wa mbali: hufurahi kuona mkubwa amefungwa bao, kisha huendelea na shughuli zao. Mimi nimezoea kuzisoma kwa nia nyingine. Karibu kila kesi ya namna hiyo huonyesha mahali ambapo maneno ya kwenye katoni yaliachana na kitu kilichokuwa ndani yake, na mtu anayekwenda mjini kununua mashine iliyotumika anahitaji kupajua hasa mahali hapo, kwa sababu yeye hatakuwa na wakili wala hakimu. Atakuwa na macho yake, vidole vyake, na labda saa moja ya subira ya muuzaji.

Nilijifunza hayo kwa hasara. Mashine yangu ya pili niliinunua kwa dola 180 kwa sababu ilikuwa na stika ya Core i7, jina la kichakataji cha juu cha Intel, yaani ubongo wa mashine, pembeni mwa kibodi, na niliporudi nyumbani nikagundua kwamba ndani mlikuwa na i5, ya daraja la chini, tena ya zamani sana. Nilipomrudia muuzaji, alinijibu kwa upole kabisa: "Yaya [ndugu mkubwa], mimi sikukuambia ni i7. Wewe ndiye uliyesoma." Ilikuwa kweli. Hakuna neno alilosema. Stika ilisema kwa niaba yake, nami niliiamini karatasi ambayo mtu yeyote anaweza kuibandua kwenye mashine moja na kuibandika kwenye nyingine.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Nenda asubuhi, siku ambayo unajua mtaa wa muuzaji una umeme, na usiende ukiwa na haraka. Beba simu yenye intaneti ya kutosha kuigawia mashine, spika za masikioni, na diski ya flashi yenye programu ya CrystalDiskInfo ya kupima afya ya diski, ambayo ni ya bure na haichukui nafasi kubwa. Noti za dola ziwe safi, zisizochanika wala kuandikwa, kwani unajua zinavyokataliwa hapa kwetu kwa doa dogo tu, na hutaki mazungumzo ya bei yaharibike kwa sababu ya noti moja.

Ukiwa umeiona mashine katika tangazo la simu, usitume avansi yoyote kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money kabla ya kuishika kwa mikono yako. Hadithi huwa ni ileile: picha nzuri, bei iliyo chini kidogo kuliko ya mjini, muuzaji yuko Kolwezi au mpakani Kasumbalesa na "kuna mtu mwingine anayeitaka leo jioni". Picha unaweza kuipeleka katika utafutaji wa picha wa Google. Mara nyingi utaikuta katika tangazo la nchi nyingine kabisa. Lakini hata usipoikuta, kanuni haibadiliki, kwa sababu mwenye mashine ya kweli anaweza kukungoja saa mbili.

Ukifika, mwombe muuzaji muda kabla hujataja bei. Mwambie wazi kwamba utaiwasha, utaijaribu kwa saa moja hivi, na kwamba ukiridhika utalipa papo hapo. Wauzaji wenye maduka ya kudumu hawakatai. Anayekataa amekwisha kukupa jibu, na halihitaji ufafanuzi.

Kilichoandikwa nje na kilichomo ndani

Mwaka 2015 kampuni ya AMD ilishtakiwa California kuhusu vichakataji vyake vya FX, vilivyotangazwa kuwa na viini vinane, yaani vitengo vinane vya kufanya kazi kwa wakati mmoja. Washtaki walidai kwamba viini hivyo vilishirikiana viwiliviwili katika sehemu muhimu za kukokotoa, hivyo kuviita vinane halikuwa neno la haki. Mwaka 2019 AMD ilikubali kulipa dola milioni 12.1 ili kuimaliza kesi. Iwapo wataalamu wanaweza kubishana miaka minne juu ya idadi ya viini vilivyotajwa na mtengenezaji mwenyewe, wewe usiwe na aibu ya kutilia shaka stika iliyobandikwa na mtu usiyemjua.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha soma jina la kichakataji lilivyoandikwa na mashine yenyewe. Katika vichakataji vya Intel vya miaka ya karibuni, jambo la kwanza la kutazama ni tarakimu zinazofuata baada ya i3, i5 au i7. Ukiona i5-8250U, ile 8 ya mwanzo inakuambia kwamba ni kizazi cha nane. Ukiona i5-6300U, ni cha sita. I7-10510U ni cha kumi. Kwa kazi za kawaida, i5 ya kizazi cha nane huishinda kirahisi i7 ya kizazi cha tatu, ingawa sokoni utasikia watu wakilipia hiyo saba kama vile ni cheo cha ukoo.

Kizazi cha nane si namba niliyoichagua kwa kupenda. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kichakataji cha Intel cha kizazi cha nane au cha baadaye, isipokuwa vichache sana, pamoja na kipande cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 na diski ya GB 64. Mnamo Agosti 2025 mkazi mmoja wa California aliishtaki Microsoft akidai kwamba uamuzi huo unawalazimisha watu kutupa mashine zinazofanya kazi vizuri. Madai yake yawe na nguvu mahakamani au yasiwe nayo, kwetu yanaeleza jambo moja linaloonekana kwa macho: ofisi za nje zinaziondoa mashine za kizazi cha sita na cha saba kwa wingi, na mashine zilizoondolewa huko ndizo zinazofunguliwa katika katoni huku. Zitakuwa za bei nafuu, na nyingi ni nzima kabisa. Lazima tu ujue unachonunua.

Basi usiridhike na muuzaji kukuonyesha kwamba Windows 11 imewaka. Kuna programu za kuandaa diski ya flashi zinazoruka ukaguzi wa Microsoft na kuiweka Windows 11 juu ya mashine isiyoruhusiwa, na Microsoft haiahidi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho. Andika tpm.msc katika dirisha lilelile la Windows na R, tazama kama toleo ni 2.0, kisha linganisha na namba ya kichakataji uliyoisoma. Vyote viwili vikitimiza masharti ya Windows 11, una mashine ya miaka kadhaa mbele. Hata kimoja kisipotimiza, lipa bei ya mashine ya Windows 10 na ujiandae kuweka Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, ambao una lugha ya Kifaransa, ni wa bure, na hutembea vizuri hata kwenye RAM ya GB 4. Microsoft pia iliandaa mpango wa masasisho ya ziada ya Windows 10 hadi Oktoba 2026, lakini mimi singenunua mashine kwa kutegemea mwaka mmoja wa nyongeza.

Diski inayoonekana ndogo kuliko ilivyotajwa

Hapa mnunuzi huweza kumlaumu muuzaji bila haki. Diski iliyotangazwa kuwa ya GB 500 huonekana katika Windows kama GB 465, na ya 256 kama 238. Hakuna aliyekata kipande. Watengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali Windows huihesabu kwa vizidishio vya 1,024. Western Digital mwaka 2006 na Seagate mwaka 2007 zilimaliza kesi zilizofunguliwa na wanunuzi waliokasirishwa na tofauti hiyo hiyo. Ukiona 465 mahali pa 500, endelea. Ukiona 298 mahali pa 500, ni diski nyingine ya GB 320 na mtu anakuuzia jina.

Kilicho muhimu zaidi ni afya ya diski. Fungua CrystalDiskInfo kutoka kwenye flashi yako. Itakuonyesha kama ni SSD, yaani diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka, au diski ngumu ya sahani inayozunguka, imewashwa kwa saa ngapi, na kama kuna sehemu zilizokwisha kuharibika. Rangi ya samawati au kijani ni heri. Ya manjano ni onyo. Nyekundu ni mazungumzo ya bei ya diski mpya. Diski ngumu ya sahani si sababu ya kukataa mashine, maana kuibadilisha kwa SSD ni kazi ya dakika chache katika mashine nyingi za ofisi, na mabadiliko ya kasi ni makubwa kuliko yale ya kuongeza kitu kingine chochote. Kwa mashine iliyokuwa ikichukua dakika tatu kuwaka, utaona tofauti siku ileile. Sahani hizo pia hazipendi safari za teksi-basi juu ya mashimo yetu.

Jihadhari na diski za nje na flashi zinazouzwa pembeni kama zawadi ya biashara, zilizoandikwa TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Nyingi zimepangwa zidanganye mfumo: zinapokea mafaili yako yote, kisha zinaandika mapya juu ya ya zamani. Programu ya H2testw huzijaza na kuzisoma tena hadi uwezo wao wa kweli ujulikane.

Kibodi, bawaba na skrini

Kompyuta za MacBook zilizouzwa kati ya 2015 na 2019 nyingi zilikuwa na kibodi nyembamba ambazo chembe ya vumbi iliweza kuzifanya zirudie herufi au zisiandike kabisa. Wateja walishtaki, na mwaka 2022 Apple ilikubali kulipa dola milioni 50. Sasa fikiria vumbi letu jekundu la Agosti, pamoja na barabara za malori ya madini, halafu uamue kama unataka MacBook ya miaka hiyo hata ikiwa inang'aa. Mimi sitaki.

Katika mashine yoyote, fungua ukurasa mtupu wa kuandikia na ubonyeze kila kitufe, mmoja baada ya mwingine, bila kuruka. Tazama pia mpangilio wa herufi. Mashine zilizotoka Ufaransa na Ubelgiji zina AZERTY, zilizotoka Dubai, Uingereza au Afrika Kusini zina QWERTY, na hata AZERTY ya Ubelgiji haifanani kabisa na ya Ufaransa katika alama. Mwanafunzi aliyezoea AZERTY anayenunua QWERTY ili aandike kazi yake ya mwisho wa masomo chuoni atapoteza wiki mbili akitafuta é na ç. Wauzaji wengine hubandika stika za herufi juu ya vitufe, ambazo huchakaa haraka, kwa hiyo kwaruza kidogo kwa ukucha uone.

Fungua na ufunge kifuniko mara kumi ukisikiliza bawaba. Skrini ikizimika au kucheza unapoiinamisha, waya wake wa ndani umechoka. Matundu ya USB, kamera, kipaza sauti na Wi-Fi vijaribu haraka. Vikiharibika si mwisho wa dunia.

Betri

Mnamo Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya simu za iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizimike ghafla. Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 mnamo Februari 2020 kwa kutowaambia wateja, na mwaka huohuo Apple ikakubali nchini Marekani kulipa hadi dola milioni 500. Funzo la mnunuzi ni kwamba kujikokota kwa mashine kunaweza kutoka kwenye umeme wala si kwenye kichakataji. Jambo linalofanana na hilo hutokea kwenye kompyuta: mashine nyingi za Dell, zisipoitambua chaja iliyochomekwa, hupunguza kasi na kukataa kuchaji betri. Kwa hiyo mashine inayojikokota dukani ijaribu kwa chaja nyingine kabla ya kuihukumu, na chaja utakayoondoka nayo iwe ileile uliyojaribia.

Ili kuijua betri, andika cmd katika dirisha la Windows na R, kisha amri hii: powercfg /batteryreport. Mashine itakuambia ilikohifadhi faili la ripoti. Humo tafuta namba mbili, uwezo ambao betri ilitengenezwa nao na uwezo inaoufikia leo ikijaa. Betri iliyotengenezwa kwa 50,000 na leo inafika 20,000 imebaki na asilimia 40. Itakupa labda saa moja. Chini ya asilimia 60 mimi huomba bei ipunguzwe kwa thamani ya betri nyingine. Usiione kama anasa: hapa kwetu betri ndiyo inayookoa kazi yako umeme unapokatika bila kuaga.

Weka mashine juu ya meza tambarare na uitazame kwa upande. Kifuniko kisichofunga sawasawa, au sehemu ya kugusa ya kipanya iliyoinuka, ni dalili ya betri iliyovimba. Usiibonyeze, usiitoboe, usiinunue kwa matumaini kwamba itanywea. Betri ya lithiamu iliyovimba huweza kuwaka.

Nitatoka kidogo njiani. Mnamo Desemba 2019 familia za Kikongo zilizopoteza watoto au ambazo watoto wao walilemaa katika machimbo ya kobalti, madini ya kutengenezea betri, zilifungua kesi mjini Washington dhidi ya Apple, Google, Dell, Microsoft na Tesla. Mahakama ya rufaa ya huko ilithibitisha mnamo Machi 2024 kwamba kesi hiyo isiendelee. Haina msaada wowote katika ukaguzi wa betri, lakini sijui mtu wa hapa Katanga anayeweza kuishika betri ya mkono wa pili iliyorudi kwa lori kupitia Kasumbalesa bila kuikumbuka. Siku itakapokufa, usiitupe katika moto wa takataka za yadi. Irudishe kwa fundi.

Kufuli zisizoonekana

Mashine ya ofisi inaweza kuwa bado ni mali ya ofisi. Inaweza kuwa imeibwa, au kampuni iliiuza bila kuiondoa katika orodha yake, na siku utakapoweka Windows upya na kuunganisha intaneti itakuonyesha jina la kampuni na kudai anwani na nenosiri la mfanyakazi. Kujua hilo baada ya kulipa ni uchungu. Mwombe muuzaji airudishe mashine katika hali ya mwanzo mbele yako, kisha uigawie intaneti ya simu yako na utazame ukurasa wa kwanza. Jina la kampuni ya kigeni likitokea, funga kifuniko na uage. Kwa MacBook, ukurasa unaodai akaunti ya mmiliki wa zamani una maana hiyohiyo. Zima tena, uwashe ukibonyeza F2 au F12 kadiri ya aina, uhakikishe kwamba mipangilio ya ndani haijafungwa kwa nenosiri.

Mkielewana bei, andikeni karatasi: jina la muuzaji na simu yake, tarehe, namba ya mfululizo ya mashine kama ilivyosomwa kutoka ndani wala si chini ya mashine tu, na siku za garanti. Sahihi za wote wawili. Siku saba zinatosha kuonyesha maradhi mengi. Garanti ya mdomo ya miezi sita haifikii hizo saba za maandishi.

Usiku wa kwanza nyumbani

Usiingize akaunti yoyote kabla ya kujua Windows uliyopewa imetoka wapi. Katika dirisha la cmd andika slmgr /xpr. Ikijibu kwamba uamilishaji, yaani uthibitisho wa leseni, ni wa kudumu, ni dalili njema. Ikitaja tarehe iliyo ndani ya siku 180, kuna uwezekano mkubwa kwamba imefunguliwa kwa hila, na programu za hila mara nyingi huja na wageni wengine. Mimi huifuta yote na kuanza upya kwa faili la Microsoft lenyewe au la Linux Mint, hata jibu likiwa zuri.

Wageni hao utawatambua kwa kelele zao: matangazo yanayochomoza pembeni mwa skrini, ukurasa mwekundu unaosema mashine ina virusi na kutaja namba ya kupiga, kivinjari kinachofungua tovuti za kamari. Microsoft haiandiki namba ya simu katika onyo la aina hiyo, kwa hiyo usipige. Mengi si virusi kabisa. Ni ruhusa za arifa ambazo mtu aliyekutangulia alizibonyeza. Fungua mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, na ufute kila tovuti usiyoijua.

Barua taka za simu ni suala jingine linaloanzia palepale mjini. Ukiwaachia wauzaji sita namba yako ili "wakupigie ikiingia nzuri zaidi", usishangae kupokea wiki inayofuata ujumbe wa ushindi wa bahati nasibu usiyoicheza, au wa mtu aliyekutumia pesa kwa makosa na anayeomba umrudishie. Kwa huo wa pili, tazama salio lako kwa menyu ya mtandao wenyewe, wala si kwa ujumbe uliopokea; kama kweli kuna pesa, mtumaji aende kwa wakala wake arudishiwe huko. Wengi wetu tuna laini mbili. Laini ya kununulia vitu iwe ile isiyo na akaunti ya pesa, na hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye karatasi ya mauzo.